Sick off feki: historia ya karatasi inayobishaniwa kila mkutano

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, jitafutie chai. Kama kawaida yetu hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja sheria, miaka, na watu waliolipia.

Hoja yenyewe ni hii. Hapa Kakamega mazungumzo ya mishahara ya umma yakianza tu, iwe redioni, iwe matangani, iwe kwa wale wabishi wa Muliro Gardens, lazima mtu aseme: "Nusu ya hawa watu wanalipwa wakiwa wamelala nyumbani na sick off feki." Upande wa pili unajibu kwamba waajiri ni wakatili, wanaburuta wagonjwa kazini. Wote wawili wanapigiwa makofi. Sijasikia hata mmoja akieleza ile karatasi ilitoka wapi, nani anaruhusiwa kuitia sahihi, na mwajiri anaruhusiwa kuichunguza mpaka wapi.

Maoni yangu nayasema mapema ili usinitafute mwishoni. Karatasi feki zipo, na ni kosa la jinai. Lakini zimezaliwa na mfumo ambao tangu mkoloni unamhesabu mgonjwa kuwa mtoro mpaka alete ushahidi, halafu ukauweka huo ushahidi mbali na anakoishi.

Tuanze 1906. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi, ikaiandika upya 1910. Jina lenyewe linajieleza. Ndani yake, kukosa kazi bila ruhusa halikuwa jambo la kukatwa mshahara tu. Lilikuwa kosa la kupelekwa mbele ya hakimu, na adhabu ilikuwa faini au kifungo. Leo ukikosa kazi unapoteza kazi. Wakati ule ungeweza kulala ndani.

Ugonjwa ulikubalika kama udhuru, sawa. Lakini nani alikuwa anaamua kwamba unaumwa? Mara nyingi ni mwenye shamba, au nyapara wake. Mtu wa huku aliyekwenda kibarua Trans Nzoia au Uasin Gishu akiamka na homa, aliyekuwa akiipima homa hiyo ni yule yule aliyekuwa anapata hasara yeye akilala.

Kisha vita vya 1914 vikaja, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Ndio hao waliotuachia jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi waliuawa na magonjwa, si risasi. Mwaka 1917, uandikishaji ulipokuwa wa nguvu zaidi, watu walipimwa kabla ya kupelekwa, na waliokataliwa na daktari walirudishwa makwao. Hebu fikiria neno "hafai" la daktari lilikuwa na thamani gani mwaka huo. Lilikuwa linaamua kama utazeeka na watoto wako au la. Mtu akikuambia kwamba tamaa ya kupata karatasi ya daktari ni uvivu wa kizazi cha leo, mkumbushe 1917.

Kipande mnakijua, kwa hiyo nitapita haraka. Sheria ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, utekelezaji ukaja 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Kama mwajiri hajaandika kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na polisi wanakutafuta kwa karatasi hiyo hiyo uliyoibeba. Ilikuwa rekodi ya mwajiri kuhusu mfanyakazi. Mfanyakazi hakuwa na karatasi yoyote ya kumhusu mwajiri.

Hapa sasa tukae, manake sehemu hii wengi hatukufundishwa shuleni. Vibarua wengi wa wakati ule walifanya kazi kwa mkataba wa tikiti. Siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Kila siku uliyofanya kazi tikiti inawekwa alama. Alama zikifika 30, unalipwa. (Tanganyika nao walikuwa na kitu kama hicho, ila wao walikiita kipande, jina ambalo kwetu ni la kitambulisho. Ukisoma historia ya nchi hizi mbili usichanganye.)

Piga hesabu. Siku 42 ni wiki sita. Toa siku 30 za kazi, zimebaki 12. Toa Jumapili sita, zimebaki sita. Hizo sita ndizo za homa, za mazishi, za palizi, za mvua, za mtoto kuzaliwa, vyote pamoja. Ukizipita, umevunja mkataba. Na hata ukibaki ndani yake, siku uliyolala na malaria haikuwa na alama, na isiyo na alama haina pesa. Tena nyapara angeweza kukataa kuweka alama hata kama umeshinda juani, akisema kipimo cha kazi hakikuisha.

Ndiyo maana sick off feki haikuwa na maana katika mfumo wa tikiti. Hakukuwa na malipo ya ugonjwa ya kudanganya ili uyapate! Anayesema zamani watu walikuwa waaminifu angeeleza pia kwamba zamani kuugua hakukuwa na faida yoyote ya kughushi.

Huku kwetu mambo yalipata sura nyingine dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931. Mwaka uliofuata serikali ikageuza sheria ya ardhi ya wenyeji, sheria ambayo ilikuwa na miaka miwili tu, ili kuruhusu uchimbaji. Hiyo ni stori yake na inahitaji uzi wake. Ninachotaka uone ni Rosterman na migodi mingine kuleta kibarua karibu na nyumbani. Aliyekwenda mashamba ya mbali akiugua alilala kambini, mbele ya macho ya msimamizi. Wa mgodini angeweza kutoka kwake asubuhi na kurudi jioni. Asipoonekana, bosi atajuaje ni homa au ni mahindi? Swali ambalo HR wa leo anajiuliza Jumatatu asubuhi ni hilo hilo. Rosterman ilifungwa 1952, swali likabaki.

Na jibu lilikuwa zahanati. Wamisheni walikuwa wameshaanza matibabu, Waquaker wakiwa Kaimosi tangu 1902 na Wakatoliki wakiwa Mumias na Mukumu. Halafu mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kwa sheria ya 1924 yakaanza kujenga zahanati kwa kodi za watu wenyewe. Aliyekuwa akisimamia zahanati hizo mara nyingi hakuwa daktari, alikuwa dresa, kijana aliyefundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa. Mkumbuke huyu dresa, atarudi tukifika kwenye sheria ya leo.

Kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaja kuandikishwa watu wa rangi zote. Baada ya uhuru, kukosa kazi likawa suala la mwajiri na mfanyakazi badala ya polisi. Mwaka 1982 amri ya jumla ya mishahara ikaweka kitu ambacho wengi hawakijui mpaka leo: baada ya miezi miwili kazini, mfanyakazi anayehusika na amri hiyo anapata hadi siku 30 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 15 zaidi kwa nusu mshahara, kila miezi 12.

Kisha Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kufanya kazi Juni 2008. Kifungu cha 30 kinasema kiwango cha chini ni siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Siku 14, jumla. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na mkataba wako, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au amri ya mishahara inaweza kukupa zaidi. Watumishi wa umma wana masharti yao, mapana kuliko hayo. Lakini kwenye mikutano watu wanatupiana "siku saba" kana kwamba ndiyo hadithi yote.

Linganisha na majirani. Tanzania, kwa sheria yao ya 2004, mfanyakazi ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Afrika Kusini, ukikosa siku moja au mbili huombwi karatasi, ila kama unarudia rudia ndani ya wiki nane. Na Uingereza, hao hao waliotuletea tikiti na kipande, mfanyakazi wao anajaza mwenyewe fomu ya ugonjwa kwa siku saba za kwanza bila kumwona daktari. Siku ambazo Mwingereza anaaminiwa kwa neno lake katika ugonjwa mmoja ni sawa na siku zote za mshahara kamili ambazo kifungu cha 30 kinamhakikishia Mkenya kwa mwaka mzima, na huyu wa Kenya anazipata akileta karatasi.

Tuiangalie karatasi yenyewe. Sheria inataka cheti cha kutoweza kufanya kazi, kilichotiwa sahihi na mganga aliyehitimu au mtu anayefanya kazi kwa niaba yake, anayesimamia zahanati au kituo cha matibabu. Umemwona dresa? Amerudi. Waliotunga sheria walijua kwamba Kenya hii si kila mahali pana daktari. Zahanati ya kule Navakholo au Khwisero utamkuta muuguzi au afisa wa kliniki, na karatasi yake ni halali akiwa na mamlaka hayo. Lakini ofisi nyingi zimejitungia kanuni yao ya mdomo: "Tunataka ya daktari."

Nina mfano wa karibu. Mama mmoja jirani yetu, mfanya usafi kwenye shirika ambalo sitalitaja, aliugua malaria akaandikiwa siku tatu na muuguzi wa zahanati ya kijiji. Akaipeleka. Aliambiwa hii si ya daktari, kwa hiyo ni feki, na akafutwa kwa simu jioni ile. Hakuna aliyepiga simu zahanati. Hakuna aliyemwita kumsikiliza. Alikuwa na watoto wawili sekondari na muhula ulikuwa unaanza. Tulipokwenda kwa afisa wa kazi, shirika lilikubali kumlipa notisi na siku alizokuwa amefanya. Hawakumrudisha. Huyu ndiye ninayemfikiria nikisikia makofi ya "fagia wote wenye sick off feki".

Haya, twende upande wa pili, maana sitaki mseme nimewatetea waongo. Kifungu cha 44 kinaweka kukosa kazi bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa la kukufutisha papo hapo. Na kughushi hati ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, ambapo adhabu ya kawaida inafika miaka mitatu jela. Kuitumia hati ya kughushi ukijua ni ya kughushi ni kosa pia. Kwa hiyo yule anayekwenda saiba kuchapisha barua ya hospitali na kuchongesha muhuri kwa muda wa kunywa soda, ajue anaweka rehani zaidi ya kazi.

Ila feki si za aina moja, na hapa ndipo mijadala yetu inapochanganya mambo. Kuna karatasi ambayo hospitali haiijui kabisa. Kuna karatasi ya kweli ambayo tarakimu imeguswa kidogo, 3 ikawa 8. Na kuna ile ngumu kuliko zote: karatasi halisi, muhuri halisi, sahihi halisi, iliyouzwa na mtu wa kituo cha afya kwa mtu ambaye hakuugua. Hiyo ya mwisho hata ukipiga simu utaambiwa "ndiyo, ni yetu". Kumfuta aliyeileta bila kumgusa aliyeiuza ni kukata jani. Waganga wana baraza lao la usajili, maafisa wa kliniki wana lao, wauguzi wana lao, na yote yana uwezo wa kuadhibu. Sijawahi kusikia mgombea akiyataja akiongea juu ya sick off.

Kwa nini mtu mzima mwenye akili ananunua karatasi? Wengine ni wavivu, tusidanganyane. Lakini fikiria malaria, ugonjwa ambao Magharibi tunaujua kama jirani. Umelala usiku mzima ukitetemeka, saa tatu asubuhi homa imeshuka kidogo, una dawa kutoka duka la dawa. Unachohitaji ni kulala siku moja. Badala yake unahitaji nauli ya boda, foleni, kipimo, na pesa za kituo, ili upate karatasi ya siku moja ambayo huenda imekugharimu kuliko mshahara wa siku hiyo. Na ukikosa karatasi, hukatwi tu hiyo siku, unaingia kwenye faili la watoro. Mtu wa saiba anajua hesabu hii vizuri kuliko serikali.

Kuna na miaka ambayo karatasi haikuwepo kabisa. Madaktari wa hospitali za umma walianza mgomo Desemba 2016, ukaisha Machi 2017, siku 100. Juni mwaka huo huo wauguzi wakaanza wao, ukaenda mpaka Novemba. Anayedai karatasi ya hospitali ya serikali katika miezi ile alikuwa anadai kitu ambacho hakuna mtu wa kukitia sahihi. Walio na pesa walikwenda za kibinafsi. Wasio na pesa, jaza mwenyewe.

Mwajiri mwaminifu basi afanye nini? Anaweza kufanya mengi bila kumdhalilisha mtu. Apige simu kituoni, si kwa namba iliyo kwenye karatasi bali kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Aulize namba ya mgonjwa wa nje, tarehe, na kama aliyetia sahihi yupo. Aangalie kwenye sajili ya baraza kama huyo mganga na hicho kituo vina leseni. Kampuni kubwa zina kliniki yao au hospitali za bima, na huko rekodi ya kuhudumiwa inaonekana yenyewe. Akiwa na shaka ya kweli anaweza kumwomba mfanyakazi aonane na daktari mwingine, kwa gharama ya kampuni.

Asichoweza ni kuulizia unaumwa nini kana kwamba ni haki yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Kifungu cha 30 kinataka cheti cha kutoweza kufanya kazi, hakitaki historia ya tumbo lako. Kituo kinaweza kuthibitisha kwamba karatasi ni yake na tarehe ni zile, pasipo kutaja ugonjwa. Nimeona fomu za ofisi zenye kisanduku cha "taja ugonjwa", na karatasi hizo zinapita mikononi mwa karani, dereva, na yeyote anayepita. Mwenye HIV au mimba iliyoharibika anaona kisanduku hicho na kuamua heri aseme alikuwa na mafua. Hapo ofisi yenyewe imemfundisha kudanganya.

Na kabla ya kumfuta, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake. Hata kama kosa ni kubwa. Hata kama karatasi inaonekana feki kwa mita kumi. Kifungu cha 43 kinamtaka athibitishe sababu ya kumfuta. Waajiri wengi wanaposhindwa kwenye Mahakama ya Ajira na Kazi ni kwa kuruka hatua hizi.

Najua mtaniuliza habari ya vyeti feki vya masomo, maana vinachanganywa na hili. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza watumishi zaidi ya 2,000 waliopatikana na vyeti bandia vya masomo na taaluma. Ni kashfa kubwa, lakini ni kitu kingine. Cheti cha shule kinadanganya mara moja na kinakulipa miaka yote. Sick off inadanganya siku tatu. Anayeziweka kapu moja jukwaani anatafuta makofi.

Kuna kundi moja ambalo halimo kabisa kwenye ubishi huu, na huku kwetu ni kubwa: wakata miwa, wapakiaji, watu wa mjengo, wanaolipwa kwa siku au kwa kipimo. Hao bado wako kwenye tikiti, isipokuwa tikiti haichapishwi tena. Hujaja, huna pesa, na kesho nafasi yako ina mtu mwingine. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu kwa jumla, anahesabiwa kuwa wa mkataba wa mwezi. Akitimiza miezi miwili tangu kuanza, siku za ugonjwa zinamhusu na yeye. Wasimamizi wanaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana utasikia kibarua ameambiwa "pumzika wiki moja kisha urudi" mwezi ukikaribia kuisha. Kama wewe ni mmoja wao, weka jumbe za M-Pesa za malipo yako na upige picha daftari la mahudhurio kila unapotia sahihi. Afisa wa kazi atakuuliza hizo kwanza.